TUFANI YA 1872 NA WATU WASIO NA MAJINA: Stori ya Nyumba za Mji Mkongwe Ambayo Picha Zako Hazijakuambia

Picha hii unaijua. Umeshaiona mara mia kwenye simu yako. Mlango wa mbao wenye misumari ya shaba, ukuta uliochubuka rangi, binti kavaa dera la njano kakaa barazani, chini kaandika "Zenji hiyo". Mioyo kibao, maoni ya "umetishaaa" hayahesabiki.

Sasa irudie ile picha, ikuze kidogo. Muache binti. Angalia ukuta nyuma yake. Pale juu kulia kuna mstari mweusi unaoshuka kutoka darini mpaka kwenye dirisha. Wengi wanaudhania ni urembo wa ukale, wengine hadi wanaongeza filta ili uonekane vizuri. Kumbe lile ni njia ya maji. Na ndani ya ule ukuta, pale maji yanapoishia, kuna kichwa cha boriti kinaoza taratibu. Juu ya hiyo boriti kuna chumba, na ndani ya chumba kuna familia imelala.

Stori ya leo ni ya huo mstari mweusi. Ulianza lini, nani alikuwa kazi yake kuuzuia, na ilikuwaje huyo mtu akaondoka bila mwingine kukaa nafasi yake.

SIKU UPEPO ULIPOUPIMA MJI

Aprili 15, 1872. Ni masika, mvua watu wameizoea. Unguja iko karibu na ikweta, na tufani za Bahari ya Hindi kwa kawaida hupita mbali kusini, zinaenda kupiga Madagaska na Msumbiji. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anajiandaa. Hakukuwa na redio, hakukuwa na mamlaka ya hali ya hewa ya kutuma ujumbe. Upepo ukaja.

Bandarini ilikuwa balaa. Sultani wa wakati huo, Sayyid Barghash bin Said, alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu kwenye kiti. Kundi la meli zake likavunjwa. Majahazi ya wafanyabiashara yakatupwa nchi kavu kama vifuu vya nazi. Shambani ndiyo kabisa: sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ikalala chini. Mkarafuu unachukua miaka kadhaa kabla haujaanza kuzaa, kwa hiyo hasara ile haikuwa ya msimu mmoja. Pemba kwa sehemu kubwa ilinusurika, na kuanzia hapo ndipo Pemba ikaja juu na kuwa kisiwa kikuu cha karafuu mpaka leo. Yaani ukimsikia Mpemba anajivunia karafuu zake, ndani ya majivuno hayo kuna upepo wa 1872.

Na mjini je? Vibanda vya udongo na makuti havikuwa na la kufanya mbele ya upepo ule. Nyumba za mawe nazo hazikutoka salama. Lakini mji wa mawe uliendelea kuwa mji. Watu walirudi, wakaziba, wakaezeka, wakapaka chokaa, maisha yakaendelea. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1883, Sultani yule yule akajenga Beit al-Ajaib, jumba refu kuliko yote mjini, mbele kabisa ya bahari ile ile iliyomvunjia meli zake.

Vitabu vinakumbuka meli. Vinakumbuka karafuu. Vinakumbuka jina la Sultani. Swali ambalo halina jina ni hili: nani alipanda juu ya yale mapaa asubuhi ya Aprili 16?

KIBARUA

Kuna neno tunalitumia kila siku bila kuliuliza limetoka wapi. "Nimepata kibarua." Neno hilo limezaliwa na barua. Zamani mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, kijibarua, cha kuonyesha kwamba siku yake imefanyika na anastahili malipo. Kikaratasi kikampa jina mtu mwenyewe.

Na hapa stori inakuwa nzito kidogo. Katika Unguja ya karne ya 19, vibarua wengi hawakuwa watu huru. Walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwenda kubeba mizigo bandarini, kuvunja mawe, kujenga. Jioni malipo yakija, bwana anachukua fungu lake. Kwa hiyo unapopiga picha kwenye ule ukuta, jua kwamba mikono iliyoupandisha mingi haikuwa na uhuru wa kuikataa kazi ile.

Tena tufani yenyewe ilihusika. Mapema mwaka 1873 Waingereza walipomjia Barghash wakimtaka afunge biashara ya watumwa baharini, moja ya hoja zake ilikuwa hasara ya ile tufani: mashamba yameanguka, nchi itafilisika. Hoja haikumsaidia. Juni 5, 1873 alisaini mkataba, na soko kuu la watumwa la mjini likafungwa. Utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani mpaka amri ya 1897 na hata baada yake. Waliorudisha mji na mashamba baada ya upepo, wengi wao ndio hao hao ambao biashara yao ilikuwa inabishaniwa na wakubwa mezani. Hakuna orodha ya majina yao. Kilichobaki kwao ni kuta.

Pembeni yao walikuwepo mafundi stadi, Waswahili, Waarabu, Wahindi, watu waliojua kuchagua jiwe kwa jicho na kuonja chokaa kwa kidole. Nao pia majina yao mengi hayapo.

NYUMBA INAYOPUMUA

Ili uelewe kwa nini nyumba hizi zinakufa leo, inabidi ujue zilivyo ndani. Vumilia kidogo, hapa ndipo penye siri.

Ukuta ni mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa na chokaa na udongo mwekundu. Ukuta mnene, nusu mita na zaidi. Chokaa yenyewe ilichomwa hapa hapa: unapanga magogo, juu yake mawe ya matumbawe, unawasha moto, mawe yanageuka kuwa chokaa. Halafu inalowekwa na kuachwa muda mrefu ipoe na kulainika. Fundi wa kweli hakuwa na haraka na chokaa.

Sakafu na dari zilibebwa na boriti za mikoko, miti ileile iliyokatwa kwenye delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu na kusafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni. Mkoko ni mgumu, lakini haurefuki sana, kwa hiyo boriti moja inavuka karibu mita tatu basi. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Wengi wanadhani ni mtindo wa kifalme, kumbe ni urefu wa mti.

Juu ya boriti wakaweka mawe madogo na chokaa, wakapiga kwa vijiti, kundi zima la watu, kwa mdundo na kwa nyimbo, mpaka sakafu ikashikana. Zamani mapaa mengi yalikuwa bapa namna hiyo. Baadaye watu wakaona mvua inawashinda, wakaweka paa la mabati juu ya lile la zamani.

Sasa siri yenyewe. Chokaa inapumua. Ukuta wa matumbawe unanyonya unyevu, na lipu ya chokaa inauachia unyevu utoke. Mvua inapiga, jua linawaka, ukuta unakauka. Ila kuna sharti moja: lazima mtu aurudie. Lipu ya chokaa huchoka. Inabidi ipakwe tena, ufa uzibwe ukiwa mdogo, mlizamu uzibuliwe majani, bati lililolegea lipigwe msumari. Nyumba ya chokaa ni kama nywele za asili, ukiziacha wiki mbili tu zinakusema.

Sasa mtu wa leo anaona lipu imebanduka, anaona njia ya mkato: saruji. Inashika haraka, inaonekana safi, kila duka linayo. Tatizo ni kwamba saruji ni ngumu na haipumui kama chokaa. Maji yaliyokwisha kuingia ndani kwa juu yanakosa pa kutokea. Yanakaa. Chumvi ya matumbawe inasukuma kwa ndani, lipu ya saruji inabanduka vipande vikubwa na jiwe linatoka nayo. Huku ndani vichwa vya boriti vimelala kwenye unyevu mwaka mzima. Kwa nje nyumba imependeza. Kwa ndani inaoza. Wapo watu wengi mitandaoni wa hivyo pia, lakini tuendelee.

BAJETI YA MVUA

Sasa swali la hela. Kurudia lipu, kubadilisha boriti, kuita fundi kila mwaka kabla ya masika, yote hayo yanakula pesa. Watu wa zamani walizitoa wapi?

Matajiri walikuwa na biashara zao, sawa. Lakini mji ulikuwa na utaratibu mwingine ambao vijana wengi hawaufahamu: wakfu. Mtu, mwanamume au mwanamke, anaitoa nyumba yake kwa ajili ya Mungu. Baada ya hapo haiuzwi, hairithiwi kama mali nyingine. Faida yake inakwenda kwa aliowataja: watoto na wajukuu, msikiti, maskini, na wengine waliweka wakfu kwa ajili ya watumwa waliowaacha huru, wapate pa kukaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya wakati wa Waingereza ikaunda kamisheni ya kuzisimamia, na mpaka leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina nyumba nyingi ndani ya Mji Mkongwe.

Ila utamu wa wakfu uko kwenye kanuni yake moja ya kisheria: kipato cha nyumba ya wakfu kwanza kinaitengeneza nyumba yenyewe. Mjukuu anasubiri, msikiti unasubiri. Bati linavuja? Bati kwanza, mgao baadaye. Kwa lugha ya leo, kila nyumba ilikuwa na akaunti yake ya dharura iliyofungwa ndani ya kuta zake. Ilikuwa na bajeti ya mvua kabla mvua haijaja.

Si kila nyumba ilikuwa wakfu, na si kila msimamizi alikuwa mwaminifu. Binadamu ni binadamu. Lakini utaratibu ulikuwepo na kila mtu aliujua: anayekula kodi ndiye anayeziba paa.

FUNGUO ZINABADILISHA MIKONO

Januari 12, 1964, Mapinduzi. Hayahitaji utangulizi, yamebadilisha kila kitu Zanzibar. Familia nyingi za Kiarabu na Kihindi zilizokuwa zikimiliki nyumba za mjini ziliondoka, nyingine kwa kukimbia. Nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali. Wakaingia watu wapya, wengi kutoka mashamba ya Unguja na kutoka Pemba, watu ambao kabla ya hapo mji ule waliuingia kwa kazi tu, hawakuulalia. Kwa maana hiyo, wajukuu wa waliobeba mawe wakapata kulala ndani ya kuta. Hiyo ni haki ambayo hakuna mpenda majengo anayepaswa kuibeza.

Lakini angalia kilichotokea kwenye bajeti ya mvua. Jumba la familia moja likawa la familia tano au sita, kila moja na vyumba vyake. Kodi ikawa ndogo, na ilikuwa sawa iwe ndogo maana watu hawakuwa nacho, ila haikutosha kutengeneza paa. Paa likawa la serikali. Ngazi ikawa ya wote, maana yake si ya mtu. Wa chini haoni kuvuja kwa juu mpaka maji yamfikie, na wa juu hana hela ya kuziba peke yake paa linalowafunika watu sita. Serikali nayo nguvu ilizielekeza kwenye makazi mapya, yale magorofa marefu ya Michenzani yaliyoanza kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

Hakuna aliyeamua kwamba Mji Mkongwe uanguke. Ila yule mtu wa kuzibua mlizamu hakuwepo tena. Na boriti haijui siasa, inajua maji tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa makazi wakaja kukagua. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kwenye miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukasaidia kuandaa mpango mkuu wa hifadhi, uliotoka 1994. Katika hesabu za miaka hiyo mji ulikuwa na majengo zaidi ya 1,700, na karibu robo tatu yake yalikuwa yamechakaa. Mwaka 2000 UNESCO wakauingiza mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu hapo ndipo mji ukawa ule unaoujua wewe: hoteli za juu ya paa, matamasha, urojo, na yule binti wa dera la njano.

MJANE, NA JUMBA LENYE ROSHANI

Ukishuka kwenye boti na kutoka bandarini, kuna jengo moja la ghorofa limechongwa roshani za mbao hadi linaonekana kama keki ya harusi. Hilo ni Zahanati ya Zamani. Lilianzishwa mwaka 1887 na tajiri wa Kihindi, Tharia Topan. Akafariki 1891 jengo halijakamilika. Mjane wake ndiye aliyeendeleza kazi mpaka ikafika mwisho mwaka 1894. Jina la mume liko kwenye kila maelezo ya watalii. La mke? Mara nyingi anaandikwa "mjane wake" tu, basi.

Jengo hilo baada ya 1964 lilichakaa vibaya. Miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan ukalikarabati, na ni mfano mzuri wa kwamba inawezekana: mbao zikachongwa upya, lipu ikarudishwa. Ukilitazama leo hutaamini lilikuwaje.

Lakini hapo hapo pana funzo lingine. Wafadhili wakubwa huvutwa na majengo makubwa, yenye sura, yenye stori, yenye mahali pa kubandika kibao. Nyumba ndogo ya Kiponda au ya Mkunazini, yenye ghorofa mbili na wapangaji wanne, haina roshani ya kupigia picha. Hakuna balozi atakayekuja kuikatia utepe. Na mji ni hizo nyumba ndogo. Nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana, moja inaishika nyingine bega kwa bega. Ukiondoka mlizamu wa nyumba moja, maji yanaingia kwa jirani.

KRISMASI YA 2020

Hata ukubwa haukusaidia. Beit al-Ajaib, lile jumba la 1883, lilinusurika mabomu ya manowari za Kiingereza Agosti 27, 1896, kwenye vita maarufu kwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani, ambapo jumba la jirani yake liliharibiwa kabisa. Likawa ofisi za serikali, likawa makumbusho. Maji yakaanza kulishinda pale mabomu yaliposhindwa. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ikaanguka. Likafungwa. Miaka ikapita. Msaada ukapatikana, fedha kutoka Oman, mafundi wakaingia.

Desemba 25, 2020, kazi ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele na ule mnara wa saa vikaporomoka. Watu wawili waliokuwa kazini walifariki.

Wote mnaikumbuka ile video ya vumbi. Ilizunguka kila kundi la WhatsApp. Watu walilia, wakaweka picha zao za zamani wakiwa wamesimama mbele ya jumba. Dunia nzima ilizungumzia saa na mnara. Waliofariki hawakuzungumzwa sana. Walikuwa mafundi, vibarua. Miaka 137 baada ya wale wa kwanza kulijenga, wao ndio waliokuwa ndani yake wakijaribu kulishikilia.

Kuna jambo moja ni wazi kwa yeyote: msaada ulikuja. Fedha zilikuja. Ila zilikuja baada ya miaka mingi ya maji, na maji hayasubiri kikao.

SASA MSAADA UNAPATIKANA WAPI?

Hapa tuseme na yule ambaye bibi yake anakaa Malindi au Shangani, kwenye nyumba yenye mstari mweusi.

Kwanza ni Mamlaka ya Mji Mkongwe. Watu wengi wanaiogopa kwa sababu ndiyo inayotoa vibali na kuzuia ujenzi wa ovyo. Lakini kisheria huwezi kugusa kuta zile bila wao, na ndani yake kuna watu wanaojua nyumba hizi. Nenda kabla hujanunua mfuko wa saruji, si baada ya kuandikiwa barua ya kusimamishwa. Uliza swali dogo: boriti hii ikoje, chokaa ipatikane wapi, fundi gani anaiweza.

Pili, kama nyumba ni ya wakfu, Kamisheni ya Wakfu ndiyo mwenye nyumba, na ile kanuni ya kale bado ni kanuni: jengo kwanza. Kama ni ya serikali, kuna shirika la nyumba. Barua ya wapangaji wote sita, yenye picha na tarehe, ina uzito kuliko malalamiko ya mmoja barazani.

Tatu ni wafundi wazee. Hawa wanaondoka. Kijana anayejua kuloweka chokaa leo anaweza kukosa kazi mwezi mzima, wakati wa saruji anafanya kila siku. Kila mzee fundi akizikwa bila mwanafunzi, kipande cha mji kinazikwa naye.

Nne, na hii haina mfadhili, ni ninyi wenyewe wa nyumba moja. Mambo yanayoizuia tufani mengi ni madogo kuliko mnavyodhani. Kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba, mtu apande juu. Azibue mlizamu. Apige misumari mabati ya pembeni, maana upepo hauezui paa kutokea katikati, unaanzia ukingoni. Ule mche wa mtini ulioota ukutani ung'olewe ukiwa kidole, ukifika mkono utautoa na ukuta. Lile tangi la plastiki lililojaa maji juu ya dari ya miaka 150 lishushwe, lita elfu moja ni tani moja kamili, na boriti ile haikuwekwa kwa ajili hiyo. Kiyoyozi kisidondoshee maji ukutani. Boriti ichomwe kwa msumari pale inapoingia ukutani: msumari ukizama kama kwenye mkate, muite fundi leo. Na ufa uandikiwe tarehe kwa penseli kwenye ncha yake. Ukipita ile alama, nyumba inakuongelesha.

Gharama ya hayo yote ukigawa kwa familia sita ni ndogo kuliko kinachotumika kwenye bando. Kigumu ni kukubaliana nani ashike hela, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Wenzetu wa zamani walilimaliza hilo kwa maandishi: fungu la paa linatoka kwanza, kabla ya mtu yeyote kula.

UPEPO UMESHARUDI KUCHUNGULIA

Kwa miaka mingi watu walisema 1872 ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Halafu Aprili 1952 tufani ikapiga Lindi. Halafu Mei 2024, Kimbunga Hidaya, mnakumbuka, kikaja mpaka Mafia. Boti za Dar na Unguja zikasimamishwa, watu wakabaki wamekaa na mizigo yao bandarini, mitandao ikajaa vichekesho. Kikaishiwa nguvu. Unguja ikapumua.

Usiku ule, mjini, palikuwa na watu hawakucheka. Ni wale wa ghorofa za juu, wenye ndoo tatu sakafuni, wanaojua kila tone linadondoka wapi, waliohamisha watoto kutoka chumba cha pembeni kwenda chumba cha katikati kwa sababu ukuta wa pembeni una ufa. Hawana majina kwenye stori hii, kama wale wa asubuhi ya Aprili 16, 1872 wasivyokuwa nayo. Tofauti ni kwamba hawa wako hai, na bado wanaweza kusaidiwa kabla.

Kwa hiyo ukienda tena Zenji piga picha yako, hakuna anayekukataza. Ila ukiuona ule mstari mweusi, usiuongezee filta. Muulize anayekaa pale: paa lenu linavuja wapi, na nani mara ya mwisho alipanda juu?

Na wewe unayesoma ukiwa Unguja, Bagamoyo, Lamu au Mombasa, nyumba ya kwenu ya zamani nani anaitunza? Fundi wa chokaa unayemjua bado yupo? Dondosha hapo chini kwenye maoni. Huenda kuna mtu anasoma anamtafuta.